Askari na Makongamano ya Utamaduni: Kigali Yatufundisha Nini?

Kila penye kongamano la wanazuoni pana askari mlangoni. Ndiye hufika wa kwanza alfajiri, hukagua mifuko na kuelekeza magari, na jioni wajumbe wanapoagana yeye bado yuko pale pale. Kwa muda wa siku tatu au nne husikia, kila mlango ufunguliwapo, vipande vya maneno: urithi, utambulisho, sera, uhuru wa msanii. Mlango ukifungwa maneno nayo hukatika. Basi askari huyo hurudi kambini akiamini kwamba yale yote yalikuwa mazungumzo ya watu wenye nafasi, waliolipwa posho ili wabishane juu ya ngoma na vinyago.

Makala hii tunaiandika kwa ajili ya askari huyo, awe wa jeshi au wa polisi. Twataka kumwonyesha kwamba yanayosemwa ndani ya kumbi hizo yanamhusu, na pengine yanamhusu kuliko yanavyowahusu wengi wa wanaoyasema. Kwa mfano wetu tumechagua mji wa Kigali. Mji huo umekuwa mwenyeji wa mikutano mingi juu ya sanaa na utamaduni. Lakini sababu yetu kubwa ni kwamba Rwanda ni nchi ambayo haiwezi kudai kuwa sanaa ni pambo tu. Nchi hiyo imekwisha kuona kwa macho yake wimbo, redio na elimu vikigeuzwa silaha.

WIMBO MBELE YA MAHAKIMU

Tuanze na jambo lenyewe lilivyokuwa. Katika muda wa siku mia moja, kuanzia Aprili 1994, watu zaidi ya milioni moja, kwa hesabu ya Serikali ya Rwanda, waliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Panga na rungu vilitumika, na bunduki pia. Lakini kabla ya panga kuinuliwa palitangulia maneno. Redio ya RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993, na watu waliipenda kwa muziki wake na mizaha yake. Vijana walioisikiliza kwa ajili ya nyimbo walimezeshwa chuki pamoja na nyimbo hizo.

Tena yafaa tukumbuke ni nani waliokuwa nyuma ya maneno hayo. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio hiyo, alikuwa mwanahistoria na mwalimu wa chuo kikuu. Léon Mugesera, aliyetoa hotuba ya uchochezi huko Kabaya tarehe 22 Novemba 1992, alikuwa mtaalamu wa lugha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia Nahimana hatiani mwezi Desemba 2003. Mugesera alirudishwa kutoka Canada mwaka 2012, akahukumiwa kifungo cha maisha nchini mwake mwaka 2016. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba usomi peke yake ni kinga dhidi ya uovu. Msomi naye huweza kuwasha moto, na moto wake huenda mbali kwa kuwa watu wana mazoea ya kumwamini.

Kesi inayotufunza zaidi, hasa sisi tunaosimamia sheria, ni ile ya Simon Bikindi. Huyu alikuwa mtunzi na mwanamuziki mashuhuri, mwenye kundi lake la ngoma lililoitwa Irindiro. Alishtakiwa Arusha, na nyimbo zake zikasikilizwa na kuchambuliwa mahakamani neno kwa neno. Hukumu ilitolewa Desemba 2008. Mahakimu waliona kwamba baadhi ya nyimbo zake zilitungwa kwa nia ya kueneza itikadi ya ubaguzi, na kwamba zilitumika katika kampeni ya chuki. Hata hivyo hawakumtia hatiani kwa kuzitunga, kwa sababu haikuthibitika kwamba yeye mwenyewe alishiriki kuzieneza wakati wa mauaji ya mwaka 1994. Walimtia hatiani kwa maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti barabarani, mwishoni mwa Juni 1994, akiwahimiza watu waue. Alipewa kifungo cha miaka 15.

Tafadhali, ndugu msomaji, uutazame vizuri mpaka huo ambao mahakimu waliuchora. Upande mmoja pana wimbo mbaya. Upande wa pili pana amri ya kuua. Hayo ni mambo mawili, ingawa moja huweza kulizaa la pili. Sasa jiulize: usiku wa manane, katika mtaa wenye wasiwasi, ni nani atakayetakiwa kuutambua mpaka huo? Hatakuwa profesa. Atakuwa koplo wa polisi mwenye redio ya mkononi na watu sita nyuma yake. Akikosea upande mmoja atamnyang'anya msanii haki yake. Akikosea upande wa pili ataacha watu wafe. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya askari kutega sikio wanazuoni wanapojadili uhuru wa sanaa na mipaka yake.

WAANDISHI WALIOKWENDA KUTAZAMA

Miaka minne baada ya mauaji hayo, mwaka 1998, waandishi wa Kiafrika wapatao kumi walialikwa kwenda kukaa Rwanda kwa muda wa miezi miwili. Walioitisha mpango huo walikuwa watu wa tamasha la Fest'Africa lililokuwa likifanyika Lille, Ufaransa, wakiongozwa na Nocky Djedanoum, mwandishi kutoka Chad. Mpango wenyewe uliwataka waandike ili kutimiza wajibu wa kukumbuka. Miongoni mwao walikuwemo Boubacar Boris Diop wa Senegal, Véronique Tadjo wa Ivory Coast, Tierno Monénembo wa Guinea, Abdourahman Waberi wa Djibouti, Monique Ilboudo wa Burkina Faso, Koulsy Lamko wa Chad, na Meja Mwangi wa Kenya. Walikuwemo pia Wanyarwanda, Venuste Kayimahe na Jean-Marie Vianney Rurangwa.

Waandishi hao walizuru makaburi, wakaingia makanisani na mashuleni mlimouawa watu, wakaketi na manusura. Wengi wao walikiri baadaye kwamba mwaka 1994 walikuwa hawaelewi kilichotokea. Bara zima lilikuwa likitazama Afrika Kusini ikimpokea Rais Mandela, na habari za Rwanda zilipita masikioni mwao kama habari za vita vya kikabila vya kawaida. Hapo pana aibu ambayo hawakuificha.

Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni 2000, kazi zao zilizinduliwa Kigali na Butare, mji ambao leo unaitwa Huye. Hapo ndipo tunapoliona kongamano la kweli: vitabu vilisomwa, michezo ikachezwa, na wanazuoni wakajadiliana mbele ya wale wale ambao habari zao zilikuwa zimeandikwa. Maswali yaliyoulizwa hayakuwa mepesi. Je, mtu ambaye hakuwapo ana haki ya kusimulia? Je, riwaya, ambayo ni kazi ya kubuni, yaweza kusema ukweli juu ya mifupa ambayo si ya kubuni? Na kitabu kilichoandikwa kwa Kifaransa kitasomwa na nani katika vijiji vya Murambi?

Swali hili la mwisho halikubaki hewani. Boubacar Boris Diop, aliyeandika riwaya juu ya Murambi mwaka 2000, baadaye aligeukia lugha yake ya Kiwolofu, na mwaka 2003 akatoa riwaya ya Doomi Golo. Koulsy Lamko alibaki Butare na kuongoza kituo cha sanaa cha Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda. Hivyo twaona kwamba mkutano mmoja uliofanywa kwa dhati huweza kubadilisha kalamu ya mtu na kuzaa kazi mpya katika chuo.

NGAO NA SHAIRI

Huenda askari akasema: hayo ni ya waandishi, mimi kazi yangu ni ulinzi. Twamjibu kwa kumrudisha katika lugha ya Kinyarwanda yenyewe. Katika lugha hiyo neno ingabo lina maana ya ngao, nalo ndilo neno litumikalo kwa jeshi. Wazee wa zamani hawakulitazama jeshi kama mkuki kwanza. Walilitazama kama kinga.

Tena jeshi la Rwanda ya kale lilikuwa chuo cha sanaa. Vijana walioteuliwa waliingia katika itorero, na huko walijifunza silaha, adabu, ngoma, na ufasaha wa kusema. Waliohitimu waliitwa intore, yaani wateule. Kila shujaa alipaswa kutunga majigambo yake, yaitwayo ibyivugo, na kuyatamka bila kigugumizi. Desturi hiyo si ya Rwanda peke yake. Wanyankole wa Uganda na Wahaya wa Kagera wanayo, na jina lake kwao linakaribiana sana na la Kinyarwanda. Mtu aliyejua kupigana lakini hajui kusema alihesabiwa kuwa hajakamilika.

Aliyefanya kazi kubwa ya kuhifadhi hazina hiyo alikuwa padri na mwanazuoni, Alexis Kagame, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1981. Mwaka 1951 alichapisha uchunguzi wake juu ya mashairi ya ufalme, na mwaka 1963 akatoa kitabu kizima juu ya majeshi ya Rwanda ya kale. Kwa maneno mengine, mtaalamu wa ushairi ndiye aliyeandika historia ya majeshi, kwa kuwa majeshi hayo yalikuwa yameihifadhi historia yao katika mashairi.

Urithi huo haukufa. Kundi la taifa la ngoma, Urukerereza, liliundwa mwaka 1974. Itorero ilihuishwa mwaka 2007 ikiwa shule ya uraia. Mwezi Desemba 2024 ngoma ya Intore iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mtazamaji mgeni huona nywele ndefu za makatani zikirushwa na miguu ikipiga ardhi. Lakini askari akitazama ataona gwaride, atamwona adui wa kufikirika, na atauona utii wa mwili kwa amri ya ngoma. Hiyo ni sanaa iliyotoka katika kazi yake.

KUTOKA ALGIERS MPAKA KHARTOUM

Sasa tuwatazame wanazuoni na viongozi wanapoketi, ili tujue maazimio yao huenda wapi. Bara letu limekuwa na mikutano mingi. Algiers mwaka 1969 palifanyika tamasha la kwanza la utamaduni la Afrika nzima, na ilani ikatolewa. Accra mwaka 1975 UNESCO iliwakutanisha wawakilishi wa serikali za Afrika juu ya sera za utamaduni. Port Louis mwaka 1976 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha Mkataba wa Utamaduni wa Afrika. Lagos mwaka 1977 palikuwa na tamasha kubwa la FESTAC pamoja na kongamano lake. Mexico mwaka 1982 mataifa ya dunia yalikubaliana kwamba utamaduni si sanaa na vitabu peke yake. Ni pamoja na namna watu wanavyoishi, haki zao, mila zao na yale wanayoyathamini. Kisha Khartoum mwaka 2006 ukapitishwa Mkataba mpya wa Mwamko wa Utamaduni wa Afrika.

Mkataba huo wa Khartoum ulianza kufanya kazi mwaka 2020. Tuhesabu pamoja: miaka 14 ilipita tangu wakuu wa nchi walipoupitisha mpaka idadi ya kutosha ya nchi ilipouridhia. Mtoto aliyezaliwa siku ya azimio alikuwa amekwisha kuingia shule ya sekondari. Huo ndio ugonjwa mkubwa wa mikutano yetu, na hatuoni sababu ya kuuficha. Maneno hutoka ukumbini yakiwa moto, hupoa katika faili, na wengi waliopiga makofi husahau walipigia nini.

Hata hivyo haitakuwa haki kusema kwamba hakuna kinachotimia. Mwezi Februari 2013 Kigali ilikuwa mwenyeji wa tamasha la kwanza la sanaa na utamaduni la Jumuiya ya Afrika Mashariki, JAMAFEST. Pamoja na ngoma na maonyesho, palikuwa na kongamano juu ya namna sanaa iwezavyo kuwa ajira na kiungo cha umoja. Tamasha hilo halikufa baada ya mara moja: lilifuata Nairobi mwaka 2015, Kampala mwaka 2017, Dar es Salaam mwaka 2019, na Bujumbura mwaka 2022. Mbegu iliyopandwa Kigali ilizunguka Jumuiya.

Tena tazama mji wenyewe wa Kigali ulivyobadilisha majengo yake. Kasri ya rais ya zamani huko Kanombe, mahali ambapo zamani raia hakuthubutu kusogea, tangu mwaka 2018 ni jumba la makumbusho ya sanaa. Katika jengo la Bunge, ambamo wanajeshi 600 wa RPA waliwekwa Desemba 1993 kufuatana na Mapatano ya Arusha, mna jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2017 kueleza vita vya kuyakomesha mauaji. Huko Gisozi wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Na mwezi Septemba 2023 kumbukumbu za Gisozi, Nyamata, Murambi na Bisesero ziliingizwa katika Urithi wa Dunia. Mambo hayo hayatokei kwa bahati. Yanahitaji wanazuoni wa kuandika hoja, serikali ya kutoa fedha, na askari wa kulinda.

SHERIA AMBAYO ASKARI HANA BUDI KUIJUA

Neno hilo la kulinda latupeleka kwenye jambo ambalo makongamano hulitaja na makambi hulisahau. Mkataba wa The Hague wa tarehe 14 Mei 1954 unahusu ulinzi wa mali za utamaduni wakati wa vita. Unazitaka nchi zilizojiunga nao ziingize katika kanuni za majeshi yao, wakati wa amani, masharti ya kuheshimu mali hizo, na ziandae ndani ya majeshi watu maalumu wa kazi hiyo. Alama yake ni ngao ya rangi ya buluu na nyeupe. Ngao tena! Askari anayeiona alama hiyo juu ya jengo anapaswa kujua kwamba kulipiga bila sababu nzito ya kijeshi ni kosa.

Nalo si kosa la kwenye karatasi. Mwaka 2012 makaburi ya mawalii ya Timbuktu, nchini Mali, yalibomolewa. Tarehe 27 Septemba 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Ahmad al-Faqi al-Mahdi kifungo cha miaka tisa kwa kosa hilo la kushambulia majengo ya dini na ya historia.

Kwa upande wa polisi, wizi wa mali za utamaduni ni biashara kubwa, na kwetu haupo mbali. Katika Pwani ya Kenya vigango vya Wamijikenda, ambavyo husimikwa kwa heshima ya wafu, viliibwa kwa miaka mingi na kuuzwa ng'ambo. Viwili vilivyoibwa katika miaka ya 1980 vilirudishwa kutoka Marekani mwaka 2007, baada ya wachunguzi wa utamaduni kuvifuatilia kwa picha na kumbukumbu. Askari wa kizuizi cha barabarani anayefungua buti la gari na kukuta gogo lililochongwa atalifanya nini, kama hakuna aliyemfundisha kwamba lile si kuni?

LUGHA ILIYOTUKUTANISHA

Tumalizie na lugha, maana askari wa Afrika Mashariki ndiye mmoja wa wasafirishaji wakuu wa Kiswahili. Kilifika Rwanda pamoja na wafanyabiashara na askari wa utawala wa Kijerumani; Kigali yenyewe ilianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, na mitaa ya Nyamirambo na Biryogo ikawa makao ya wasemaji wake. Kwa miaka mingi wako waliokidharau, wakikiita lugha ya wahuni na ya kambini. Lakini Rwanda iliingia katika Jumuiya mwaka 2007, na mwezi Februari 2017 Bunge lake lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na mwezi Julai 2025 sherehe za Jumuiya za siku hiyo zilifanyika Kigali. Majeshi yetu yanapofanya mazoezi ya pamoja huyaita Ushirikiano Imara, kwa Kiswahili safi. Lugha iliyokuwa ikibezwa kuwa ya kambini sasa inajadiliwa na maprofesa.

Basi tunawaomba wakubwa wa pande zote mbili. Wanaoandaa makongamano wasiwaweke askari mlangoni tu. Wawape viti viwili vitatu ndani, na wawaulize. Wakuu wa vyuo vya jeshi na polisi nao waingize masomo ya mali za utamaduni, na ya mpaka kati ya sanaa na uchochezi, katika mafunzo ya kila kuruta, wala si ya maofisa pekee. Na maazimio yatafsiriwe katika Kiswahili chepesi yabandikwe kambini, ili yasifie katika faili.

Nawe, ndugu askari, utakapopangwa tena zamu ya lango la ukumbi, usiyapuuze yale maneno yanayopita mlangoni. Huko ndani wanajadili nyimbo ambazo kesho zitaimbwa katika mtaa unaoulinda. Mambo yakiharibika, wewe ndiwe utakayeitwa kwanza.